Njia ya Mwongo Ilivyorefuka Uingereza

Mwaka 1944, Uingereza ikiwa bado vitani na Ujerumani ya Hitler, watafiti wa Gallup waliwauliza raia swali moja: wanasiasa wenu wanahangaikia maslahi yao binafsi, ya chama chao, au ya nchi? Asilimia 35 walijibu kwamba wanajihangaikia wenyewe. Huo ndio wakati ambao leo husifiwa kuwa enzi ya umoja na imani, Churchill akiwa kileleni mwa umaarufu wake. Swali hilohilo liliporudiwa mwaka 2014, waliojibu hivyo walikuwa asilimia 48. Mwishoni mwa 2021 walikuwa 63.

Naanza na takwimu hizo kwa sababu zinaikata mizizi simulizi inayopendwa sana, huko kwao na huku kwetu tuliorithi joho, siwa na kanuni za bunge lao. Simulizi yenyewe inasema kwamba zamani Mwingereza aliiamini serikali yake na gazeti lake, kisha intaneti ikaja ikaharibu kila kitu. Kumbe shaka ni ya siku nyingi. Kilichokua ni kitu kingine, nacho ndicho ninachotaka kukifuatilia hapa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Uingereza imekuwa dola iliyojifunza kuirefusha njia hiyo kwa sheria, kwa makabati ya nyaraka yaliyotiwa kufuli, kwa tume zisizokwisha, na mara nyingi mno kwa msaada wa magazeti ambayo kazi yake ilikuwa kuifupisha. Binadamu husamehe kosa. Kinachomshinda kusamehe ni kuitwa mwongo miaka thelathini na yule aliyemkosea.

Kabla ya mwaka 1832 hapakuwa na mengi ya kuaminiwa. Kilima cha Old Sarum karibu na Salisbury, kilichokuwa magofu matupu, kilipeleka wabunge wawili London, na Manchester, mji wa viwanda uliofurika watu, haukuwa na mbunge wake hata mmoja. Tarehe 16 Agosti 1819 watu wapatao 60,000 walikusanyika katika uwanja wa St Peter's mjini humo kudai uwakilishi. Askari wa farasi wakawaingilia kwa mapanga, wakaua watu wasiopungua 15 na kujeruhi mamia. Serikali iliwashukuru mahakimu waliowaita askari hao, kisha ikatunga sheria kali na kuitandaza kodi ya stempu hadi kwenye vijarida vya bei nafuu, ili fundi na kibarua wasimudu kununua habari.

Wauzaji wa magazeti yasiyo na stempu walifungwa kwa mamia. Kwangu mimi hao ndio mashujaa wa kwanza wa historia hii, kwa kuwa waliingia jela wakiamini kwamba gazeti likiwa rahisi na huru, siasa nayo itanyooka. Kodi ya stempu ilifutwa mwaka 1855 na gazeti likawa rahisi kweli. Uhuru wake ukadakwa na wenye mitaji. Mwaka 1896 Alfred Harmsworth, ambaye baadaye aliitwa Lord Northcliffe, alianzisha Daily Mail kwa bei ya nusu peni. Mwaka 1908 akainunua The Times. Karani aliyekwenda kazini kwa treni na waziri aliyekwenda kwenye baraza wakawa wanasoma kilichoidhinishwa na bwana mmoja.

Dola nayo haikukaa bure. Tangu 1884 waandishi wachache waliosajiliwa waliruhusiwa kusimama katika ukumbi wa nje wa Bunge na kuchota habari kwa wakubwa, kwa sharti la kutomtaja aliyewapa. Mwaka 1911 sheria ya siri za serikali ilipita katika Bunge la Makabwela alasiri moja tu ya Agosti, na kuanzia hapo ofisa aliyetoa karatasi bila ruhusa, hata karatasi isiyo na uzito wowote, alikuwa mhalifu. Vita kuu ya kwanza ilipokuja, mtambo wa kunyamaza ulikuwa tayari. Desemba 1917 Waziri Mkuu David Lloyd George alimweleza C. P. Scott, mhariri wa Manchester Guardian, kwamba watu wangeijua vita ilivyo hasa, ingekoma kesho yake. Lakini hawaijui na hawawezi kuijua. Scott aliyaandika maneno hayo katika shajara yake, si gazetini. Mwaka uliofuata Northcliffe na Beaverbrook, wote wawili wenye magazeti, walikuwa wakiiendeshea serikali propaganda. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepewa majina kutokana na kikosi cha wapagazi wa vita hiyohiyo, waliokufa kwa makumi ya maelfu mbali sana na kurasa za mbele za London.

Wanajeshi waliorudi walikuwa wameona kwa macho yao tofauti kati ya handaki na gazeti, na wakawasimulia watoto wao. Nadhani shaka ya Waingereza ya karne ya 20 ilizaliwa hapo, ikalelewa na yaliyofuata. Tarehe 25 Oktoba 1924, siku nne kabla ya uchaguzi mkuu, Daily Mail lilichapisha barua iliyodaiwa kuandikwa na Grigory Zinoviev wa Moscow, akiwahimiza wakomunisti wa Uingereza kuandaa uasi. Serikali ya kwanza ya chama cha Labour, chini ya Ramsay MacDonald, ilianguka katika uchaguzi huo. Haki itendeke kwa historia: kura za Labour ziliongezeka, waliosambaratika ni Waliberali, na MacDonald huenda angeshindwa hata bila barua. Hata hivyo barua ilikuwa ya kughushi, kama mwanahistoria wa Wizara ya Mambo ya Nje, Gill Bennett, alivyohitimisha katika ripoti yake rasmi mwaka 1999. Miaka 75 ilikuwa imepita.

BBC ilitarajiwa iwe tofauti. Katika mgomo mkuu wa Mei 1926 wachapaji walipoweka chini zana zao, redio ndiyo ikawa sauti ya taifa, na mkuu wake John Reith hakumruhusu kiongozi wa upinzani kuzungumza, wala, mwanzoni, Askofu Mkuu wa Canterbury aliyetaka kuhimiza suluhu. Reith aliandika katika shajara yake kwamba serikali ilijua ingeweza kuwategemea wasiwe hasa watu wa kati. Miaka kumi baadaye, mapenzi ya Mfalme Edward VIII na Mmarekani Wallis Simpson yalikuwa gumzo la magazeti ya Marekani kwa miezi kadhaa, lakini wenye magazeti wa London walikubaliana kunyamaza. Raia wake mwenyewe walipata habari Desemba 1936, siku chache kabla mfalme hajaondoka kitini.

Kisha kikaja kipindi kifupi ambacho watu walikuwa na sababu ya kuamini, nami sitaki kukipita kama hakikuwapo. Serikali iliyochaguliwa mwaka 1945 iliahidi matibabu bila malipo, na tarehe 5 Julai 1948 hospitali zikafunguliwa kwa wote. Mama aliyekuwa akificha uvimbe wake kwa kuogopa gharama za daktari alikwenda kutibiwa. Ahadi ilitoka kwenye jukwaa ikafika kitandani mwa mgonjwa ndani ya miaka mitatu. Mwaka 1950 asilimia 84 ya wapiga kura walijitokeza, na mwaka uliofuata vyama viwili vikubwa vilipata kwa pamoja takriban asilimia 97 ya kura zote. Imani hiyo ilinunuliwa kwa vitendo, na ilikuwa halali.

Waliokuwa madarakani waliitumia kama akiba isiyokwisha. Tarehe 24 Oktoba 1956, katika nyumba moja huko Sèvres nje ya Paris, wajumbe wa Uingereza, Ufaransa na Israeli walitia saini mpango wa siri: Israeli ingeivamia Misri, kisha mataifa mawili makubwa yaingie kwa kisingizio cha kuamua ugomvi na kuuchukua Mfereji wa Suez. Waziri Mkuu Anthony Eden aliamuru nakala za mpango huo ziteketezwe, na tarehe 20 Desemba akaliambia Bunge kwamba hapakuwa na ufahamu wa awali kuwa Israeli ingeshambulia. Nakala ya Waisraeli ilisalimika. Gazeti la Observer chini ya David Astor liliishutumu serikali kwa upumbavu na hila, na kwa ujasiri huo likapoteza wasomaji na matangazo. Hilo nalo lisemwe. Ukweli ulikuwa na adui serikalini, na ulikuwa na adui pia sebuleni, kwa msomaji aliyechagua bendera.

Mwaka mmoja baada ya Suez, mwaka 1957, BBC ilianza kurusha matangazo ya Kiswahili. Wazee wetu wengi waliiamini sauti ya London kuliko redio za serikali zao, na katika miaka mingi walikuwa na sababu nzuri. Lakini tukio lililoonesha kuliko yote namna London ilivyoweza kuficha lilitokea hapahapa, kando ya mto Tana. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, mahabusu waliohusishwa na Mau Mau walilazimishwa kufanya kazi kwa mpango uliokwisha kuidhinishwa. Waliokataa walipigwa kwa marungu mpaka 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema kwamba walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Uchunguzi wa maiti ukaonesha mifupa iliyovunjwa.

Bunge lilijadili Hola usiku wa manane wa tarehe 27 Julai 1959, mwisho wa kikao, wakati magazeti mengi yalikuwa yamekwisha kwenda mitamboni. Barbara Castle wa Labour alikuwa ameifuatilia Kenya kwa miaka. Usiku huo alizungumza pia Enoch Powell wa Conservative, mtu ambaye baadaye jina lake lilikuja kubeba chuki ya rangi, akaiambia serikali ya chama chake kwamba haiwezekani kuwa na kipimo kimoja cha ubinadamu Uingereza na kingine Afrika. Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, hakujiuzulu. Oktoba ukafanyika uchaguzi mkuu, na Conservative wakashinda kwa wingi mkubwa zaidi ya awali. Mwongo hakuadhibiwa, na kila karani wa Whitehall aliliona hilo.

Kilichofuata kilipangwa kwa makini. Makoloni yalipokaribia uhuru, maofisa waliagizwa wasiwaachie warithi wao karatasi zozote ambazo zingeiaibisha serikali ya Malkia. Nyingine zilichomwa moto, nyingine zikapakiwa kwenda Uingereza. Wazee watano wa Kenya walipofungua kesi London mwaka 2009 wakidai fidia kwa mateso ya kambini, mmoja wao akiwa ameponea chupuchupu Hola, wanahistoria akiwemo David Anderson walisisitiza kwamba kulikuwa na nyaraka ambazo hazijawahi kutolewa. Mwaka 2011 Wizara ya Mambo ya Nje ilikiri. Huko Hanslope Park, Buckinghamshire, yalikuwapo mafaili yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri William Hague alisimama Bungeni, akatamka kwamba Wakenya waliteswa, akaeleza majuto, na kutangaza pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228 na gharama za kesi. Kutoka Hola hadi siku hiyo ni miaka 54. Wengi wa waliostahili kulisikia neno hilo walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Waingereza wa kawaida walipozisoma habari za Hanslope Park wengi walishtuka, na mshtuko wao ulikuwa wa kweli, kwa sababu wao pia walikuwa wamefichwa. Hili huku kwetu hatulisemi vya kutosha. Serikali iliyowadanganya Wakikuyu kuhusu vifo vya wana wao iliwadanganya pia walipa kodi wa Leeds kuhusu kilichofanywa kwa fedha zao, na mbinu zilizonolewa makoloni zilikuwa njiani kurudi nyumbani.

Miaka ya 1960 huelezwa kuwa ndiyo iliyovunja heshima. Kweli, John Profumo, waziri wa vita, aliliongopea Bunge Machi 1963 kuhusu uhusiano wake na Christine Keeler, akalazimika kujiuzulu Juni. Jarida la Private Eye lilikuwa limeanza 1961, na televisheni ikajifunza kuwacheka wakubwa. Mimi siipi kashfa ya Profumo uzito mkubwa. Mwongo alifichuka ndani ya wiki kumi na moja, akaondoka, na mtu huyo akatumia maisha yake yaliyobaki kuwahudumia maskini wa mashariki ya London. Mfumo ulifanya kazi. Ripoti yake iliandikwa na Jaji Denning, na watu walipanga foleni kuinunua.

Denning huyohuyo anarudi mwaka 1980 akiwa na sura nyingine. Wanaume sita wa asili ya Ireland walikuwa wamefungwa maisha kwa mabomu ya Birmingham ya 1974, wakataka kuwashtaki polisi kwa kuwapiga. Denning, akiwa kiongozi wa Mahakama ya Rufaa, aliikataa kesi yao kwa hoja inayotisha mpaka leo: wakishinda, itamaanisha kwamba polisi walitesa na kusema uongo mahakamani, na hilo ni jambo la kutisha mno kiasi kwamba mtu mwenye akili atasema kesi isiendelee. Sita hao waliachiwa huru Machi 1991, baada ya miaka 16 gerezani kwa kosa ambalo hawakulitenda. Huko Derry, Ireland ya Kaskazini, askari waliua waandamanaji 13 tarehe 30 Januari 1972, na mwingine akafa baadaye. Ripoti ya Jaji Widgery iliwasafisha askari ndani ya wiki chache. Tume ya pili ilianza 1998 ikamaliza 2010, ndipo Waziri Mkuu David Cameron alipoomba radhi Bungeni. Miaka 38. Kila mara mpangilio ni uleule. Uongo wa kwanza hutoka ndani ya saa chache, na kuusahihisha kunahitaji kizazi.

Rupert Murdoch alilinunua The Sun mwaka 1969 na The Times mwaka 1981, na kuanzia hapo siasa za Uingereza zikapata mpiga kura mmoja asiyekuwa na uraia. Wanasiasa wa pande zote walimwendea. Tony Blair alisafiri hadi kisiwa cha Hayman, Australia, Julai 1995, kuzungumza na wakuu wa kampuni yake. Mwaka 1992 The Sun lilijigamba kwenye ukurasa wa mbele kwamba lenyewe ndilo lililoshinda uchaguzi. Lakini tendo lake lisilosahaulika ni la tarehe 19 Aprili 1989.

Siku nne kabla, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye uzio mpaka wakafa. Idadi yao leo ni 97, akihesabiwa wa mwisho aliyefariki 2021. Wengi walikuwa vijana. Polisi wa South Yorkshire ndio waliofungua lango bila kupanga watu waende wapi, na kamanda wao akasema kwamba mashabiki wamelivunja. The Sun likaweka juu ya ukurasa wake wa mbele maneno makubwa yaliyomaanisha kwamba huu ndio ukweli, na chini yake likadai mashabiki waliwaibia maiti na kuwakojolea askari. Habari hizo zilitoka kwa polisi na mbunge mmoja. Zilikuwa uongo mtupu. Liverpool iliacha kulinunua gazeti hilo, na mpaka leo mwenye duka anayelipanga hadharani anajua atakachoambiwa.

Familia hazikunyamaza, na hapa ndipo moyo wangu unapowaka. Walikuwa madereva, wauguzi, makarani. Walizungushwa kwenye mahakama baada ya mahakama. Jopo huru lililopewa nyaraka zote liliripoti mwaka 2012 kwamba maelezo 164 ya polisi yalikuwa yamebadilishwa, na katika 116 maneno ya kuwalaumu polisi yalikuwa yamefutwa. Aprili 2016 wazee wa baraza waliamua kwamba marehemu waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na lawama. Miaka 27. Mzazi aliyempoteza mwana wa miaka 15 alikuwa ameitwa mzazi wa mlevi na mwizi muda mrefu kuliko umri wa mwanawe.

Yote haya yalikuwa bado na mipaka: Liverpool, Waireland, Waafrika. Iraq iliifikisha shaka kwenye kila meza. Tarehe 24 Septemba 2002 serikali ya Blair ilitoa waraka uliodai kwamba Saddam Hussein angeweza kutumia silaha za maangamizi ndani ya dakika 45 za kuamuru. Evening Standard na The Sun yaliibeba namba hiyo kama tangazo la kiama. Tarehe 15 Februari 2003 London ilijaa waandamanaji ambao polisi waliwakadiria kuwa 750,000 na waandaaji zaidi ya milioni. Vita ikapiganwa, silaha hazikuonekana. BBC ilipodai kwamba waraka ulitiwa chumvi, mtaalamu wa silaha David Kelly alitajwa kuwa chanzo na akakutwa amekufa Julai. Ripoti ya Jaji Hutton ya Januari 2004 iliisafisha serikali na kuilaumu BBC, ambayo mwenyekiti na mkurugenzi wake mkuu waliondoka. Ripoti ya John Chilcot, iliyosema kwamba hatari ilielezwa kwa uhakika usiostahili na kwamba vita haikuwa njia ya mwisho, ilitoka Julai 2016. Waliotembea barabarani walikuwa wameliona jambo hilo miaka 13 kabla ya tume, bila jasusi hata mmoja wa kuwasaidia.

Mei 2009 Daily Telegraph likaanza kumwaga orodha za fedha ambazo wabunge walijirudishia kama gharama za kazi: kusafisha handaki la maji linalozunguka kasri, kibanda cha bata cha bwawani, mikopo ya nyumba iliyokwisha kulipwa. Wachache walifungwa, na Spika Michael Martin akawa wa kwanza kung'olewa tangu 1695. Fedha zenyewe zilikuwa kidogo ukilinganisha na zilizoteketea katika msukosuko wa benki wa mwaka uliotangulia. Lakini Bunge lilikuwa limepigana kortini na mwandishi Heather Brooke ili zisijulikane, na baadhi ya wabunge walijaribu kujitoa katika sheria ya uhuru wa habari waliyoipitisha wenyewe. Miaka miwili baadaye gazeti la Guardian lilifichua kwamba News of the World lilidukua ujumbe wa simu wa binti aliyetekwa na kuuawa, familia yake ikiwa bado inamtafuta. Gazeti hilo lenye umri wa miaka 168 likafungwa Julai 2011. Mhariri wake wa zamani Andy Coulson, aliyekuwa amefika hadi ofisi ya Cameron kama mkuu wa mawasiliano, alifungwa mwaka 2014. Mwananchi akawa amewaona mbunge na mwandishi wakitoka mlango mmoja.

Katika hali hiyo wananchi waliulizwa tarehe 23 Juni 2016 kama wabaki katika Umoja wa Ulaya. Basi jekundu lilizunguka nchi na dai la pauni milioni 350 kwa wiki, kiasi ambacho mamlaka ya takwimu yenyewe ilisema kinapotosha. Asilimia 51.9 walichagua kutoka. Sikubaliani na wanaosema walidanganywa tu na basi. Watu wa Sunderland na Stoke walikuwa wamesikia wataalamu na mawaziri wakikosea kwa uhakika mkubwa tangu 2003, na siku hiyo karatasi ya kura ilikuwa kitu cha kwanza kwa miaka mingi ambacho wakubwa wangelazimika kukisoma. Baadaye likaja janga la korona. Usiku wa kuamkia mazishi ya Mwanamfalme Philip, Aprili 2021, wafanyakazi wa Downing Street walikunywa na kucheza; kesho yake Malkia aliketi peke yake kanisani kwa kutii amri za serikali hiyohiyo. Polisi walitoa faini 126, moja ikimwangukia Waziri Mkuu Boris Johnson mwenyewe, na kamati ya Bunge iliamua mwaka 2023 kwamba aliwapotosha wabunge kwa makusudi. Kila aliyemzika mzazi kwa kumtazama kupitia simu aliisoma ripoti hiyo kwa uchungu ambao hakuna kura ya maoni inayoweza kuupima.

Pengine mfano ulio mkubwa kuliko wote ni wa posta. Kati ya 1999 na 2015 mawakala zaidi ya 900 walihukumiwa kwa wizi na hesabu za uongo kwa ushahidi wa mfumo wa kompyuta wa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu, ambao ulikuwa ukionesha upungufu wa fedha usiokuwapo. Kila mmoja aliambiwa kwamba ni yeye peke yake mwenye tatizo. Walifilisika, walifungwa, walitengwa vijijini mwao. Ripoti ya tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Wyn Williams, ya Julai 2025, ilieleza kwamba huenda watu wasiopungua 13 walijiua. Jarida la Computer Weekly liliandika kisa hiki mwaka 2009, Private Eye likafuata, na wakala Alan Bates na wenzake wakashinda Mahakama Kuu mwaka 2019. Magazeti makubwa na mawaziri walikuwa na habari zote mezani. Serikali iliharakisha sheria ya kufuta hukumu hizo baada tu ya televisheni ya ITV kuonesha tamthilia ya sehemu nne Januari 2024, na taifa zima kulia mbele ya waigizaji. Nini maana ya uandishi wa habari ikiwa habari iliyoandikwa miaka 15 haigusi mtu mpaka iigizwe?

Takwimu za sasa zinaonesha gharama. Katika utafiti wa kitaifa wa mitazamo ya jamii uliochapishwa 2024, asilimia 45 walisema karibu hawaiamini kabisa serikali yoyote kutanguliza nchi mbele ya chama. Taasisi ya Reuters huko Oxford ilipima imani kwa habari mwaka 2015 ikapata asilimia 51. Mwaka 2024 ilikuwa 36. Uchaguzi wa Julai 2024 uliwaleta vituoni takriban asilimia 60, na Labour wakatwaa karibu theluthi mbili ya viti kwa theluthi moja ya kura. Magazeti ya mitaa zaidi ya 200 yalikuwa yamekufa tangu 2005, matangazo yao yakiwa yamehamia Google na Facebook. Jengo la Grenfell lilipoungua London Juni 2017 na kuua watu 72, wapangaji walikuwa wameandika maonyo yao mtandaoni, lakini hapakuwa na mwandishi wa mtaa wa kuyabeba.

Na shaka ikishakomaa haichagui. Wasichana watatu walipouawa Southport tarehe 29 Julai 2024, uvumi kwamba muuaji ni Mwislamu mwomba hifadhi ulienea kabla ya polisi kuzungumza. Kijana huyo alikuwa mzaliwa wa Cardiff. Polisi walikanusha, na kesho yake msikiti ukashambuliwa, na siku chache baadaye hoteli ya Rotherham iliyowahifadhi waomba hifadhi ikatiwa moto. Waliorusha mawe walimwamini mgeni wa mtandaoni kuliko konstebo. Hilo ni kosa lao, nao walihukumiwa. Ila konstebo alipolihitaji neno lake liaminiwe, alikuta limekwisha kutumiwa na waliomtangulia.

Septemba 2025 serikali ya Keir Starmer ilipeleka Bungeni muswada ambao familia za Hillsborough zilikuwa zikiudai kwa miaka. Unawataka watumishi wa umma waseme ukweli mbele ya tume na mahakama, unafanya kuwapotosha wananchi kuwa jinai, na unazipa familia za wafiwa mawakili wanaolipwa na dola kama dola inavyowalipa wa kwake. Wamiliki wa magazeti hauwagusi. Sehemu ya pili ya uchunguzi wa Jaji Leveson, ulioanzishwa baada ya kashfa ile ya udukuzi wa simu, iliyokuwa ichimbue uhusiano wa vyombo vya habari na polisi, ilifutwa mwaka 2018 na haijafufuliwa.